Mtoto Asiyeota Meno Haliliwi

Nilipokuwa mtoto kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hata kilio kilikuwa na sheria zake. Mtu mzima akifa, unalia mpaka sauti ikukauke, na majirani wanakusifu. Lakini mtoto ambaye hajaota meno haliliwi. Ukimlilia, anawafungia wadogo zake njia, na tumbo halishiki tena. Wazazi wangu walikimbia Kivu Kusini bila hata sufuria, ila sheria hiyo walikuja nayo.

Mlinzi wake alikuwa Koko, bibi yangu mzaa baba. Siku baba mdogo na mkewe Nabintu waliporudi kutoka hospitali ya Mbarara, mtoto wao mchanga Mugisho kafungwa kwenye kitenge, hajapumua tangu asubuhi, Koko aliwapokea mlangoni, kisha akanivuta pembeni.

"Wewe ndiyo mukubwa. Ukae na mama mudogo. Akianza kulia, uniite."

Mimi kifungua mimba wa nyumba yetu, na cheo hicho nilikipenda kupita kiasi. Nikakaa naye mkekani kama askari wa zamu. Mugisho alizikwa alasiri ile, nyuma ya migomba, bila wimbo, bila matanga. Kesho yake watu walienda shambani.

Maziwa ndiyo yaliyokataa kutii. Blauzi ya mama mdogo ililowa kila mtoto wa jirani alipolia. Koko akampeleka pale kaburini, akamwambia ayakamulie udongoni, mtoto ashibe, asirudi kuyatafuta. Mama mdogo alikamua huku ameuma pindo la kitenge chake.

"Koko, uniache nimuite jina tu," alisema. "Mara moja tu."

"Hapana, binti yangu. Unataka bengine bapitie wapi?"

Mama yangu alikuwa anamenya ndizi hapo karibu. Hakuinua hata uso. "Nyamaza tu, Nabintu. Utazoea."

Nilimchukia mama siku ile. Nilijiuliza, mwanamke gani huyu, mwenye moyo mkavu hivi?

Basi mama mdogo akanyamaza. Na mtoto mwingine hakuja, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka. Kila alipokwenda kuchota maji alipita nyuma ya migomba, mdomo kaufunga. Nilikuwa namwonea huruma mpaka nakasirika, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.

Koko alifariki mimi nikiwa msichana mkubwa. Huyo sasa ndiye wa kuliliwa! Watu walikuja kutoka Base Camp, kitovu cha kambi yetu, wengine hata kutoka Isingiro mjini, na kwaya ya kanisa letu ikaimba. Jeneza lilipoanza kuteremka, mama mdogo alijitupa chini.

"Koko weee! Umetuachia nani!" Watu wakaitikia. Halafu, katikati ya kilio hicho cha halali, akaita: "Mugisho! Mugisho wangu weee!"

Wimbo wa kwaya ulikatika. Hakuna aliyemnyamazisha, maana mwenye kazi hiyo ndiye tuliyekuwa tunamzika. Bibi mmoja jirani naye akaita jina la mtoto wake, na mwingine la wake, majina ambayo hatukuwahi kuyasikia.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote. Mama yangu alikuwa amepiga magoti, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Ashuza! Ashuza, nilikuacha njiani peke yako!"

Nikamgeukia baba. "Ashuza ni nani?"

"Ni mukubwa wako," baba alisema, akiangalia chini. "Tulimuzika tukikimbia. Hakukuwa na meno bado."

Nilimfuata mama pale chini, nikamshika, nikalia naye. Mwanamke niliyemwita mwenye moyo mkavu alikuwa amekimeza kilio chake ili mimi nipate njia.

Kama sheria ile ilikuwa ya kweli, sijui. Nabintu alinyamaza, na hakuja mtu. Mama alinyamaza, nikaja mimi. Ila siku hizi nikiulizwa mimi ni wa ngapi kwa mama, sisemi tena kifungua mimba. Nasema mimi ni wa pili. Wa kwanza anaitwa Ashuza.