Niliyemgawia Kahawa Kisiwani

Mwenye kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Sikuwa nimelewa siku hiyo, wala sikuota. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, miaka michache baada ya vita vya Kagera. Nilikuwa kibarua katika pori la akiba, upande wa Rugu, kando ya ziwa.

Kazi yangu ilikuwa kupiga kasia. Nilimvusha bwana wanyamapori hadi kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa, ambako minandi, wale ndege weusi wanaokula samaki, hutaga kwa mamia. Hakuna mtu anayeishi pale. Ni miti iliyokauka kwa mavi ya ndege, na harufu ya kukutoa machozi. Bwana akaenda upande wa pili kuhesabu viota, mimi nikabaki na mtumbwi. Tamaa ikanishika. Nikapeleka mkono kwenye kiota nichukue mayai, mwenye kiota akanidona kidole gumba hadi damu ikachuruzika. Nikamtukana, nikaketi.

Basi nikatoa kahawa yangu ya kutafuna. Lilikuwa limebaki tunda moja tu mfukoni. Kuinua macho, namwona mtu amesimama juani, koti jeusi limelowa, mikono ameitanua kama anajianika. Alinizidi umri, nikamwamkia, "Shikamoo." Alikuwa anaitazama kahawa tu.

Wewe ungefanyaje? Kwetu Karagwe hutafuni kahawa huku mwenzako anakukodolea macho. Utasemwa mpaka kaburini. Nikalipasua lile tunda, ndani mna punje mbili, nikampa moja. Mjinga mimi, gumba lilikuwa bado linavuja damu, na damu ikaingia kwenye punje yake. Akaitafuna. Kisha akafunua koti, akajikwaruza tumboni kwa ukucha, akaipaka damu yake punje iliyobaki kiganjani mwangu. "Tafuna, ndugu yangu," akasema. Nilitaka kuitupa. Niamini, mkono wangu mwenyewe ulinikaidi, ukaenda kinywani.

Mnyambo yeyote wa kwetu Karagwe anajua hapo kimefanyika nini. Punje mbili za tunda moja, damu ya huyu na damu ya yule: huo ni undugu wa damu. Ndugu wa namna hiyo akikuomba kitu chako, humnyimi. Ukimnyima, tumbo lako linafura hadi ufe.

"Mkeo ana mimba ya miezi saba," akasema. "Mtoto akizaliwa, utanipa."

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mke. Akaingia ziwani taratibu, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, ikabaki shingo tu. Ilikuwa shingo ya ndege. Nayo ikazama.

Bwana aliporudi alinikuta natapika. Jioni ile nikamsimulia mke wangu, Adela, kila kitu. Hakubisha. Asubuhi yake nikampeleka kwa mama yake kijijini Kanoni, akajifungua huko, mtoto wa kike, wakabaki huko huko. Sikwenda hata kumtazama. Kila mara nilijiambia kwamba mtoto nisiyempokea siwezi kumtoa.

Yule ndugu wa ziwani naye hakunisahau. Kila ndege wakitaga anakuja, mchana kweupe, anapiga hodi, anaketi kitandani kwangu akichuruzika maji. "Mtoto wetu yuko wapi?" Namjibu, "Sina mtoto." Kumnyima siwezi, kwa hiyo namdanganya, miaka na miaka.

Binti yangu alipofika miaka kumi alitoroka kwa bibi yake, akatembea peke yake hadi mlangoni kwangu. "Shikamoo, baba." Jamani, alikuwa na macho ya mama yangu. Na siku hiyo yule wa ziwani alikuwa ndani, anasikiliza. Nikamwambia mwanangu, "Sikujui. Toka hapa kwangu." Hakutoka, nikaokota fimbo. Akaondoka analia. Kijiji kizima kiliniita mnyama, na mimi niliwatukana wote. Nilimpenda mtoto yule, nampenda mpaka leo, na sijawahi kumgusa.

Sasa wewe, ukivuka kwenda kwa ndege wale, beba kahawa tele au usibebe kabisa. Ukibakiwa na tunda moja, limeze lilivyo, afadhali uitwe mchoyo. Na ukikutana na mwanamke wa Kanoni anayesema baba yake alimfukuza kwa fimbo, mwambie ni kweli, yule ni mtu mbaya. Sababu usimwambie. Akiijua, atarudi.