Fundi Aliyevalisha Mahindi Nguo

Cherehani ya Fundi, mama wa watoto pacha, ilikuwa imeanza kushika kutu kwa kukosa kazi. Mitumba ilijaa sokoni, watu wakaacha kushonesha, na yeye akabaki na viraka na zipu za watoto wa shule. Ndipo dereva wa kituo cha utafiti wa mbegu aliposimama mlangoni pake, mzigo wa karatasi za kaki begani.

"Fundi, unaweza kushona karatasi?"

"Nimeshona mahema, nishindwe na karatasi?"

Vilitakiwa vifuko vidogo na vikubwa. Vile vya gundi walivyokuwa wakitumia kituoni vilikuwa vinaachia mvua ikinyesha. Fundi akaweka sindano nyembamba, akalegeza uzi ili karatasi isikatike, na alipokuwa anajaribu mshono wa kwanza akauliza vifuko ni vya nini.

"Vya kuvalisha mahindi," alisema dereva.

Fundi alicheka, akidhani anataniwa. Dereva hakucheka. Alipoondoka, lile neno likabaki kichwani kama mbu chumbani. Mahindi yavalishwe nguo? Yanaona baridi, au yanaona haya? Kazi ilipokamilika hakungoja gari lije kuchukua mzigo. Alijitwisha mwenyewe, akaenda kituoni kwa miguu.

Mkuu wa kitengo cha mahindi alikuwa mama mmoja mrefu, kofia pana kichwani, buti za mpira miguuni. Kila mtu alimwita Daktari. Alipohamia pale watu walikuwa wakimpelekea watoto wenye homa, naye akawa anawajibu, "Mimi ni daktari wa mahindi. Mtoto akiota majani, mlete."

Alimpeleka Fundi shambani, akamwonyesha bua moja lililochanua. "Hili lina baba na mama pamoja. Ile mbelewele ya juu ni ya kiume, inamwaga vumbi. Hizi nywele za hindi ni za kike. Upepo ukivuma, vumbi la huyu linaangukia nywele za yule, na hapo hujui nani kazaa na nani. Tukitaka kujua, tunafunika wote, halafu tunawaozesha wenyewe."

"Kumbe nimeshona shela!"

"Umeshona shela. Na kila unywele una punje yake. Unywele usipopata vumbi, punje yake haizaliwi."

"Kila unywele?"

"Kila mmoja."

Fundi alilitazama lile hindi changa, na nywele zake zilizong'aa kama uzi wa hariri. "Watu walijuaje?"

Daktari alicheka. "Usinisadiki mimi. Kajaribu."

Nyuma ya nyumba ya Fundi kulikuwa na shamba dogo la mama mkwe wake, bibi mkavu wa mwili na mwepesi wa ulimi. Mle bibi alipanda mahindi meusi aliyotoka nayo kwao siku alipoolewa. Yalikuwa mafupi, na hindi lake halijazi kiganja, lakini yaliwahi kukomaa, na punje zake ngumu fukusi wa ghalani waliziogopa. Bibi aliyalinda kama macho yake.

"Mama, naomba mabua mawili," alisema Fundi.

"Ya nini?"

"Niyavalishe."

"Ukimaliza mahindi, uje uvalishe na kuku."

Alipewa hata hivyo. Hindi la kwanza alilifunika kabla nywele hazijatoka, akaliacha vile vile mpaka mavuno. La pili alilifunika pia, akalifunua siku nywele zilipochanua, akafunga nusu ya nywele kwa kitambaa, nusu nyingine akaipaka vumbi, kisha akalifunika tena haraka kabla upepo haujamharibia. Mavuno yalipofika aliyamenya uani mbele ya watu wote wa nyumbani. La kwanza lilikuwa gunzi tupu, jeupe kama kidole cha mgonjwa. La pili lilikuwa na punje upande mmoja, na upande wa pili upara.

Alipiga vigelegele. Mumewe, fundi wa malori, alitoka chini ya gari akidhani kuna mgeni.

"Mama Pacha, sasa tutakula nini, magunzi?"

"Baba Pacha, angalia! Ni kweli! Kila unywele!"

Mumewe aliangalia gunzi, akamwangalia mkewe, akarudi chini ya lori. Lakini bibi alilichukua lile lenye upara, akaligeuza geuza, na akaenda nalo chumbani kwake.

Msimu uliofuata Fundi aliajiriwa kituoni kufunika na kuchavusha. Makali ya majani yalimchana mikono, kilemba chake kikawa cha njano kwa vumbi, na jioni alipiga chafya mpaka pacha wakawa wanamwigiza. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kupenda nguo. Akiwa katikati ya mistari ya mahindi meupe marefu ya kituo, wazo lilimjia: hili refu likioana na lile jeusi la nyumbani, mtoto atafuata ukoo gani?

Alimuuliza Daktari. Daktari alivua kofia, akajikuna kichwa. "Sijui," alisema, na macho yakamchangamka. "Hilo la kwenu sijawahi kulipanda. Kaombe mbegu."

Jioni ile Fundi alimfuata mama mkwe jikoni. "Mama, nimekuja kuposa."

"Bwana harusi ni nani?"

"Mrefu, mweupe, ana mwili."

"Fukusi wanamla?"

"Wanamla vibaya."

"Basi mmekuja kutafuta damu ngumu," alisema bibi, akamfungulia kibuyu cha mbegu.

Fundi aliwaozesha kwa mkono wake. Watoto wa ndoa ile walipopandwa waliota warefu, wote sare, mashina mazito, kila bua na hindi la kushibisha. Jirani wakawa wanasimama kando ya shamba na kuomba mbegu hata kabla ya mavuno. Lakini siku ya kumenya, Fundi aliyapanga magunzi mkekani, akayageuza moja moja. Mabua yalifanana kama askari kwenye gwaride, ila ndani ya maganda kila gunzi lilichanganya punje nyeusi na nyeupe, kama mtu aliyemwaga vibaba viwili pamoja.

"Punje ndiyo mtoto, gunzi ni mama tu," Daktari alimweleza. "Hao ni wajukuu unaowaona. Ukiwapanda, hawatafanana."

Baba Pacha hakutaka kusikia hayo. Alikuwa ameona mavuno kwa macho yake, akaipanda mbegu ile shamba zima. Mengine yakarefuka, mengine yakaishia kiunoni, mengine yakachelewa mpaka mvua ikakatika. Alisimama katikati ya shamba mikono kiunoni.

"Nimepanda mbegu moja, nimevuna mkutano wa hadhara!"

"Hata pacha wako mmoja ana pua ya mama yako, na mwingine ana yangu," alisema Fundi, akipita kati ya mabua, akigusa hili, akipima lile kwa bega lake. Mumewe alikuwa ameona hasara. Yeye aliona maswali yamesimama mistari mizima, na kila bua lina jibu lake.

Akaanza kuchagua. Alitaka jeusi la kuwahi, lenye mwili wa lile jeupe. Ili kujua ni lipi fukusi wanaliogopa, alipanga chupa za kioo kwenye rafu ya jikoni, kila chupa na punje za gunzi moja, akamwomba bibi amkusanyie fukusi ghalani.

"Maisha yangu yote nimewaua," alisema bibi akiwatumbukiza, "uzeeni nimegeuka mpishi wao."

Lakini ni yeye aliyekuwa akichungulia chupa zile kila asubuhi kabla ya chai, na kutoa habari: hii imekuwa unga, hii wamegusa wakaacha, hii wamekufa na njaa. Siku kitambaa cha chupa moja kilipolegea na fukusi wakahamia kwenye maharage, wanawake wawili walipepeta mchana kutwa wakicheka, na Baba Pacha akala kwa rafiki zake.

Misimu ilipita, na hatimaye Daktari alikubali kulipanda hindi la Fundi kwenye majaribio ya kituo pamoja na mengine. Lilianza vizuri. Kisha ukaja upepo mmoja wa alasiri, wa muda mfupi tu, na mistari ya Fundi ikalala chini kama mkeka. Mistari ya mahindi mengine ilisimama.

Daktari alimfuata akitafuta maneno ya kumpoza. Alimkuta amepiga magoti kwenye tope, ameng'oa bua lililoanguka na amelilaza kando ya bua lililosimama.

"Pole, Fundi."

"Daktari, hebu tazama mizizi. Ya hili imetanuka kama mwavuli. Ya langu ni mkia wa panya. Mizizi nayo hurithiwa?"

"Hurithiwa."

"Kutoka kwa mama au kwa baba?"

Daktari alikunja mikono ya shati. Kisha akapiga magoti naye, akavuta koleo, na wakaanza kuchimba mstari mzima, bua kwa bua.

Hindi lile lilisimama miaka kadhaa baadaye, baada ya kuozeshwa tena na lenye mizizi mipana. Si refu sana, na zipo punje nyeupe ambazo bado huchomoza kwa ukaidi kati ya nyeusi, lakini majirani wanalipanda na maghala yao hayatoki unga wa fukusi. Bibi aliwahi kulivuna mara moja. Alitafuna punje mbichi kwa meno aliyobakiwa nayo, akafikiri, akasema ni gumu vizuri, ila linahitaji utamu kidogo.

Fundi akaenda kumuuliza Daktari kama utamu nao unaozeshwa.