Dawa ya Jicho la Ng'ombe Mweupe

Sijawahi kukaa mahali nikatulia. Nimechimba dhahabu Geita, nimeuza mitumba Katoro, na mwaka huo nilikuwa Shinyanga, nalisha ng'ombe katika kituo kidogo kilichokuwa kikijaribu dawa ya saratani kwa wanyama. Kazi niliikubali kwa sababu zizi lilinukia kama kwetu. Nilidhani nitakaa kidogo, kisha niondoke.

Daktari wetu wa mifugo, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa na wazo moja. Dawa ile ikichomwa kawaida husambaa mwili mzima na kumdhoofisha mnyama kabla haijafika panapouma. Yeye alitaka kupitisha mpira mwembamba ndani ya ateri ya shingoni hadi karibu na uvimbe, dawa imwagwe hapo hapo. Ng'ombe wa kwanza alikufa.

Wa pili aliletwa na mama mmoja mjane. Alikuwa ng'ombe mweupe, wa pekee nyumbani kwake, na uvimbe mwekundu ulikuwa umelifunika jicho la kulia. Shemeji wa yule mama alitaka apelekwe buchani angali na nyama. Daktari naye hakuficha kitu: akishawekewa dawa, nyama yake haitaliwa, na maziwa yatamwagwa mpaka yeye aruhusu. Akifa, anafukiwa.

"Shemeji, utazika ng'ombe?" yule bwana aliuliza. "Na matanga tuje?"

Mjane hakumtazama. Alimwambia daktari, "Nyama ni ya siku chache. Mimi nataka maziwa. Mwekee."

Mpira ulisumbua kuingia. Nilikishikilia kichwa cha ng'ombe, amelala kwa sindano ya usingizi, mpaka mikono ikafa ganzi, na dawa ikaingia polepole. Lakini alipoamka aligoma kula. Nyasi mbichi, pumba, mashudu ya pamba, vyote alivinusa tu. Homa hakuwa nayo. Shemeji alipita kuuliza kama shimo limeshachimbwa.

Mjane alipokuja kumwona, daktari alimuuliza ng'ombe huyu nyumbani hulala na nani.

"Na mbuzi wangu."

Daktari akamwomba awalete. Kesho yake mama alitokea barabarani akiwaswaga mbuzi wake wote, waendesha bodaboda wakimpigia honi. Tuliwaweka zizi la pembeni. Kabla jua halijazama ng'ombe alikuwa na pumba puani.

Uvimbe ukaanza kukauka, ukasinyaa, ukabanduka vipande vipande. Asubuhi moja nilimwendea na ndoo ya maji kwa upande wa kulia, kama nilivyozoea, akageuka akanitazama. Nilimwita daktari. Alikuja peku. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akapunga mkono mwingine mbele ya lile la kulia, na ng'ombe akapepesa. Daktari akakaa juu ya hori la pumba.

"Anaona," alisema, na machozi yakamtoka huku akicheka.

Siku ya kumrudisha nyumbani, mjane alikataa gari. Alitaka kupita mnadani, na nilimsindikiza nikiwachunga mbuzi. Shemeji alikuwepo, kati ya wachuuzi wa ng'ombe. Alimzunguka yule mweupe, akamtazama jicho, kisha akataja bei mwenyewe.

"Huyu hauzwi," mjane alimwambia, bila kusimama. "Daktari akiruhusu maziwa, leta chupa."