Siku Niliyolipita Jeneza la Anastazi

Watu wa Mahoko wakiniona napita na baiskeli huuliza kama leo kuna mazishi, nami nainamisha kichwa. Ni mimi. Mtu mzima mwenye mvi, mtumishi wa ofisi, msoma masomo kanisani, ndiye niliyelipita jeneza la rafiki yangu barabarani nikalifikia kaburi lake kabla yake. Nikisema naona aibu nasema kidogo.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa kijana, na miaka yote hiyo sikuwahi kupanda baiskeli (mjomba wangu alivunjika shingo kwa baiskeli, basi nyumbani kwetu hata kengele yake mama hakutaka kuisikia). Mambo yalianza pale daktari aliponiambia sukari imepanda na kiti cha ofisi kitaniua. Jirani yangu Anastazi, muuza maharage wa soko la Mahoko aliyekulia Goma, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenipeleka Gisenyi kwenye barabara ya kando ya ziwa, kulikokuwa tambarare, akanishikia kiti kwa nyuma huku wapita njia wakisimama kutazama mzee akifundishwa mambo ya watoto. Nikajifunza. Nikaingia hata kwenye kikundi chao cha wazee, ambao kila Jumapili baada ya misa huteremka kutoka Mahoko hadi ziwani.

Sasa hapo kwenye kuteremka ndipo penye mkasa wangu. Kwenye tambarare nilikuwa sijambo, kupanda nilipanda kwa kuhema, lakini mteremko ule, ndugu zangu, nikiufikia tu mjomba wangu ananijia machoni na shingo yake. Jumapili ya kwanza wenzetu walijiachia wakaenda, mimi nikabaki nimesimama kando ya barabara nikijifanya natazama mnyororo. Anastazi alinitazama, akashuka kwenye baiskeli yake.

“Bon, tutembee,” akasema kwa Kiswahili chake cha Goma. “Mulima haikimbie.”

Tulipofika chini wenzetu wakauliza tulichelewa wapi, na kabla sijafungua mdomo Anastazi akawaambia kwamba magoti yanamsumbua kwenye mteremko, na kwamba mimi nimekuwa na roho nzuri ya kumsindikiza. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine, mpaka kikundi chote kikajua kuwa Anastazi ana magoti mabaya na mimi ni rafiki wa kweli (sifa hiyo niliipokea, sikuirudisha). Tulikuwa tunasukuma baiskeli zetu tukizungumza habari za watoto, za mvua, za Karagwe yangu na Goma yake. Niliipenda safari ile ya miguu kuliko kitu chochote katika wiki yangu.

Halafu Anastazi akafa. Moyo tu, asubuhi, akifungua duka lake. Sikuamini, mpaka nilipomwona mkewe, Mama Divine, wa Goma kama yeye, amekaa kwenye mkeka na wanawake wamemzunguka, macho makavu, chakula hagusi.

Kikundi kikaamua kumsindikiza marehemu kwa baiskeli, kila usukani ufungwe kitambaa cha zambarau. Mwenyekiti wetu Faustini, mwanajeshi mstaafu, akaja na baiskeli ya Anastazi mwenyewe, akaniambia mbele ya mjane kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitembea naye kwa ajili ya magoti yake, leo nimpeleke mimi, nikae karibu kabisa nyuma ya gari. Mama Divine akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba siwezi kuteremka, na ningelisema pale yangeisha. Nikamtazama yule mama, nikashika usukani.

Basi tukatoka kanisani. Mbele kabisa alikuwa mbeba msalaba na padri, kisha pikapu yenye jeneza, Mama Divine ameketi mbele kando ya dereva, halafu mimi, halafu wazee wenzangu, kisha kwaya na watu wote kwa miguu. Makaburi yalikuwa chini ya mteremko. Nikabana breki tangu mwanzo, nikajisemea nitakwenda polepole hivyo hivyo, Mungu atasaidia. Lakini breki za Anastazi zilikuwa zinalia. Kila nikibana zinalia kama mbuzi anayevutwa masikio, katikati ya wimbo wa mazishi, na waimbaji wakaanza kunitupia macho, mama mmoja akanifyonya kabisa. Nikaona aibu. Nikaziachia kidogo, kidogo tu, ili wimbo uendelee.

Hapo ndipo baiskeli ilipojichukulia madaraka. Nikaona nyuma ya pikapu inanijia usoni, nikabana tena kwa nguvu zote, zikalia bila kushika, nikakata kushoto, nikaliona jeneza likinipita ubavuni, au tuseme mimi nikilipita, na uso wa Mama Divine dirishani umeduwaa. Nikampita padri. Nikampita mbeba msalaba. Kila niliyempita nilimwomba samahani (adabu nilikuwa nayo bado, breki ndizo sikuwa nazo). Na wazee wenzangu kule nyuma, wakijua mimi ndiye ninayezijua siri za marehemu, wakadhani hiyo ndiyo heshima aliyoiomba, wakajiachia wote kunifuata huku wakipiga kengele, na wenye pikipiki waliokuwa wamesimama pembeni kwa heshima wakaungana nao kwa honi. Anastazi wa watu akabaki nyuma katika mazishi yake mwenyewe.

Nilisimamishwa na udongo. Wachimba kaburi walikuwa wamekaa wanapumzika, nikaingia na baiskeli kwenye lile rundo walilolitoa, nikaangukia magoti. Mmoja wao akaniuliza kwa upole wengine wako wapi.

Wengine walikuja. Faustini alikuja na wazee, kisha padri, kisha pikapu, na watu wote wakanizunguka nikiwa na suruali iliyochanika na rimu ya marehemu imepinda. Faustini akaniuliza nilikuwa na haraka gani ya kumtangulia mfu. Nikaona kwamba nikidanganya tena, nitamsingizia Anastazi juu ya kaburi lake.

“Sijui kuteremka,” nikasema. “Sijawahi kuteremka hata siku moja. Magoti yake yalikuwa mazima. Yeye ndiye aliyekuwa akitembea kwa ajili yangu.”

Mama Divine akashuka garini, akaja mpaka nilipokuwa.

“Njo kusema magoti yake haikukuwa inauma?”

“Hayakuwa yanauma, Mama Divine.”

“Kila siku ya Mungu magaribi mi namukandaka na mafuta ya ng'ombe,” akasema. “Na yeye analalamika. Ati nikande polepole.”

Akaanza kucheka. Alicheka akijishika tumbo, na katikati ya kicheko machozi yakaja, yale yaliyokuwa hayajatoka tangu siku ile, akalia kwa sauti, na wanawake wakamshika, na mimi nikalia pale pale chini kwenye udongo. Padri alisubiri. Kisha tukamzika Anastazi taratibu, kama ilivyotakiwa.

Tuliporudi nyumbani kwake na watu walipomaliza kunawa mikono kwa desturi ya waliotoka kuzika, Mama Divine aliniita pembeni, akaniambia nipandishe suruali. Alikuwa na kile kikopo cha mafuta, kimebaki nusu.

“Haya njo magoti yenye inauma,” akasema, akanipaka.

Rimu niliinyoosha, breki nilibadilisha, baiskeli nikairudisha. Na nimeapa kwamba mtu mwingine hatasingizia ugonjwa ili kuificha hofu yangu. Siku hizi nikiufikia ule mteremko nashuka kwenye baiskeli mbele ya wote, nasema wazi kwamba naogopa. Wenzangu wanajiachia wanakwenda. Mimi nasukuma yangu nikifuata ukingo wa barabara, na ubavuni mwangu, mahali alipokuwa akipita yeye, naacha nafasi.