Godwin au Jovin

Kilabu cha mbege cha Mama Theodora, huko Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, hujaa baada ya misa ya pili. Wanaume hukaa kwenye mabenchi chini ya bati, kata ya pombe hiyo ya ndizi ikizunguka mkono kwa mkono, na kwa miaka kadhaa ubishi wao mkubwa haukuwa wa Simba na Yanga. Walibishana kuhusu vijana wawili: kati ya Godwin na Jovin, nani ol-raunda bora wa kriketi Tanzania.

Kriketi si mchezo wa Uru. Wengi wa wabishi hao hawajawahi kushika kibao chake cha kupigia. Lakini vijana hao walitoka mlimani, Godwin hapa Uru na Jovin Kibosho, wote wakavaa jezi ya taifa, na hilo lilitosha kuwapa wazee kazi ya Jumapili nzima. Ol-raunda ni mchezaji anayepiga mpira, anayeurusha na anayeudaka, kwa hiyo kila mbishi alikuwa na pa kushika.

Sirili hukaa benchi la mwisho, karibu na njia. Ana miaka sitini na tatu. Hachangii neno katika ubishi huo, wala hakuna anayemtaka achangie, maana ndiye baba yake Godwin.

Godwin alifariki mwaka juzi. Homa ilimwanza akiwa kambini Dar es Salaam, na kabla wiki haijaisha walimleta nyumbani kwenye jeneza. Sirili hakulia. Watu walingoja alie, wakachoka kungoja. Tangu siku hiyo anakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake. Ng'ombe wake alipozaa ndama jike, jambo ambalo zamani lingemfanya aite majirani, alimkausha ndama kwa majani makavu ya migomba, akanawa mikono, akaenda kulala. Mkewe, Mektrida, akimuuliza kama anaumwa, hujibu kwamba haumwi, na ni kweli. Hakuna mahali panapouma.

Njiani watu humsalimia kwa heshima na hawamtaji Godwin. Padri husema "kijana wetu". Ndugu husema "marehemu". Kilabuni tu ndiko jina hilo lilikokuwa likitamkwa kwa sauti ya kila siku, kama la mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Sirili hakuwa na hakika kama lilimfurahisha. Alijua tu kwamba Jumapili ndiyo siku aliyovaa shati safi bila kuambiwa.

Kriketi aliileta nyumbani yeye mwenyewe. Ujanani alikuwa dereva wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na tajiri wake, Mhindi, alikuwa na timu. Pikapu iliyobeba saruji siku za kazi ndiyo iliyowapeleka wachezaji Arusha siku za mechi. Akiwasubiri pembeni ya uwanja, dereva alijifunza kuhesabu mikimbio, kisha akaupenda mchezo. Godwin alipoanza shule, Sirili alimchongea kibao cha mti wa mgrivea, kizito kupita kiasi. Mpira ukipotea kwenye migomba, baba na mwana walitumia parachichi bichi. Sekondari, kijana alipokelewa na Mwalimu Shedrack, mtu wa Kwa Sadala, aliyefundisha hisabati darasani na kriketi jioni. Huyo huyo ndiye aliyemnoa Jovin.

Mwaka huu, Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi, Mwalimu Shedrack mwenyewe alikuwapo kilabuni.

"Jovin namkubali," alisema Aristides, seremala ambaye hakuna ubishi unaompita. "Lakini mpira wa kasi ukimjia anafumba macho kama bibi harusi."

"Anafumba na anapiga," alijibu Shedrack. "Wewe mbona unafumbua na bado unajigonga nyundo kidoleni?"

"Mwalimu, usitoke kwenye mada. Godwin akishika mpira kurusha, mpigaji anatubu kwanza."

"Kurusha sikatai. Kupiga sikatai. Lakini ol-raunda ni pande tatu, mzee wangu, na Godwin kudaka hajui. Mpira ukimjia kwa juu, mimi niliyemfundisha nilikuwa natazama viatu vyangu."

Benchi zima likacheka. Wakati huo huo Sirili akasimama, akampa jirani kata, akatoka bila neno.

Alikuwa amekumbuka maziwa. Gari linalokusanya maziwa lilikuwa karibu kupita, naye hajakamua. Hakuondoka kwa sababu nyingine. Lakini waliobaki waliuona uso wake, uso ambao siku hizi haubadiliki awe anasikia heri au shari, wakausoma kuwa ni hasira.

Jumapili iliyofuata walizungumza bei ya kahawa. Sirili alikunywa, akangoja, akarudi nyumbani. Jumapili ya pili ilikuwa barabara na madaraja. Ya tatu, mtu mmoja alianza, "Hivi yule Jovin juzi..." akakanyagwa mguu, akanyamaza. Hapo Sirili akaelewa kuwa wanadhani aliwakasirikia. Njiani alijaribu kulitamka jina la mwanawe mwenyewe, ili aje aanzishe yeye ubishi. Halikutoka. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na sasa hapakuwa na cha kusikiliza popote.

Jumamosi asubuhi alikuwa akimkatia ng'ombe mgomba alipowaona Shedrack na Aristides wakiingia kihambani, shamba linaloizunguka nyumba yake, katikati ya kahawa. Shedrack alikuwa amevaa koti. Mkononi alikuwa na jani la sale lililofungwa fundo.

Mlimani, mtu aliyekosa akija na sale, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Akishalipokea, neno limekwisha, na halitajwi tena na yeyote maisha yao yote. Sirili alilitazama jani likikaribia akajua kitakachokuja nalo: akilipokea kwa ule ubishi, ubishi utakuwa umezikwa kwa sheria ya wazee, na Godwin pamoja nao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu. Aristides, karibuni."

Shedrack hakukaa. Alilishika jani kwa mikono miwili. "Nimekuja kwa lile neno la kilabuni. Nilimsema marehemu vibaya mbele yako. Nimekosa."

"Ulisema nini?"

Shedrack akamtazama Aristides. Aristides akatazama migomba.

"Unalijua, baba."

"Lirudie."

"Nilisema hajui kudaka."

"Ni uongo?"

"Baba, mimi nimekuja kwa amani."

"Na mimi nauliza kwa amani."

Mwalimu akavuta pumzi. "Si uongo. Alikuwa anakunja vidole kabla mpira haujafika. Nilimnoa mpaka anamaliza shule, ule ugonjwa haukumtoka."

"Ni parachichi," alisema Sirili.

"Parachichi gani?"

"Alijifunzia parachichi bichi. Likikupiga kidoleni unalala na maumivu yake. Mimi ndiye niliyekuwa namrushia."

Aristides alicheka kabla hajajizuia. "Kumbe. Miaka yote tunasema ni mwoga wa kuzaliwa, kumbe ni mwoga wa matunda."

Mektrida alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakutoka, wala hakurudi ndani.

"Lipokee basi," Aristides alisema, sasa kwa sauti ya shahidi. "Mwalimu mkono unamchoka. Na unajua mwenyewe sale halirudi lilikotoka."

"Nitalipokea. Lakini si kwa hilo."

"Kwa lipi tena?"

"Aliyoyasema hayakunikosea. Siku ile niliondoka kwenda kukamua." Sirili aliliweka panga chini. "Mmenikosea hizi Jumapili tatu. Mmekaa mnazungumza barabara. Mmemnyamazia. Hilo ndilo ninalolisamehe, na ndilo nisilotaka lirudi."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kuwakaribisha. Shedrack aliinamisha macho kwenye fundo la jani, kama mtu anayerudia hesabu aliyodhani ameimaliza. Aristides ndiye aliyeelewa kwanza. Akavua kofia, akamsukuma mwalimu kidogo kwa kiwiko.

"Tumemnyamazia, baba," alisema Shedrack. "Tumekosa."

Sirili alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Alingoja kidogo kuona kama kifuani kutakuwa na kitu. Alichokisikia ni ubaridi wa jani kwenye viganja.

Walikaa. Mektrida akamimina chai, naye akakaa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake wanaume wakiwa na neno. Shedrack alikunywa nusu kikombe, akakiweka chini, akafungua vifungo vya koti.

"Lakini hata kwa parachichi," alisema polepole, akimtazama mwenyeji wake usoni, "Jovin bado ni bora."

Sirili alikivuta kigoda chake karibu.

"Sema kwa nini."