Kaka Yangu Aliandika 10/9

Admin, nifiche jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, sijaolewa, naishi na Mama huku Karungu. Tuko wawili tu na kuku wetu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu miaka ya tisini.

Baba alifariki mwezi wa nane. Kaka yangu, kifungua mimba wake, nimwite Okoth, alikuwa anasoma Amerika. Kwetu mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo kaburini kabla ya wengine, kwa hivyo tulimngoja. Akatuma faksi kwenye duka moja mjini Migori. Mimi nilikuwa taipisti na nilijiona msomi wa boma zima, basi nikaisoma mbele ya wazee: "Nafika 10/9. Msimzike Baba bila mimi." Nikatangaza tarehe kumi, mwezi wa tisa.

Siku hiyo ng'ombe alichinjwa. Okoth hakuonekana. Nilijaribu kumpigia kutoka posta, simu haikushika. Tulingoja siku nne, wageni wakala mpaka unga ukaisha, ndipo wazee wakaamua. Mdogo wetu akatupa udongo wa kwanza.

Okoth alifika Oktoba, tarehe tisa, suti nyeusi mkononi, akakuta nyasi zimeanza kuota kaburini.

"Si niliandika mwezi wa kumi!" alilia.

Baba mdogo akamrushia faksi. "Soma mwenyewe."

"Baba mdogo, huko Amerika mwezi ndio unaandikwa kwanza."

"Omera, ndugu yangu, wacha hizo! Tangu lini mwezi ukatangulia siku?"

Watu wakacheka. Okoth akanigeukia. "Dadangu, wewe umesoma. Waambie."

Nikatazama viatu vyangu. Kweli sikujua, lakini pia niliogopa kuonekana mimi ndiye niliyekosea. Kesho yake akaondoka, na hajarudi mpaka leo.

Mwaka uliofuata nilienda kusomea kompyuta. Ilikuwa tarehe nne, mwezi wa tano, na mashine ikaandika 5/4. Nikamwita mwalimu, nikamwambia imeharibika. "Haijaharibika," akasema, "inahesabu kama Wamarekani, mwezi kwanza." Nilienda chooni nikalia mpaka darasa likaisha.

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa ameshazoea kusema Okoth alikataa kumzika babake, na mimi ndiye mtoto mzuri aliyebaki. Nimekuwa mtoto mzuri kwa miaka yote hii, na sijawahi kula chakula cha jioni bila kuhesabu sahani inayokosekana. Upweke huu nimejipikia mwenyewe.

Juzi binti yake Okoth amenipata kwa simu. Babake ni mgonjwa sana, anangoja upasuaji, na amesema akifa azikwe hukohuko, kwa sababu nyumbani anaitwa mwongo. Mama ana miaka themanini na sita. Nikimwambia ukweli, nahofia moyo wake, na nahofia atanifukuza. Nikinyamaza, mwanawe atafanyiwa upasuaji bila kusikia sauti ya mamake.

Binti ameniandikia siku ya upasuaji: 11/12. Safari hii nimejua kusoma. Ni Novemba, tarehe kumi na mbili. Zimebaki siku tisa, na Mama yuko hapa kando yangu anachambua mboga. Nianzie wapi kumwambia?