Masanduku ya Risasi za Rahisi

Ijumaa ile Nasor alikuwa anakaanga vitumbua. Kambi yetu ilikuwa nje ya Nizwa, upande wa barabara ya Izki, na sisi tuliotoka Unguja na Pemba tulikuwa na kawaida ya kukutana nyuma ya stoo ya silaha asubuhi ya mapumziko, tukala na kuzungumza Kiswahili chetu. Nasor alikuwa fundi wa bunduki wa kikosi, mimi msaidizi wake. Alizaliwa Wete, na tangu kuingia Oman alikuwa akiishi na mama yake Izki. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini vitumbua alivijua.

Kabla hatujamaliza kula, lori liliingia limebeba masanduku ya risasi.

Kikosi chetu kililinda misafara ya barabarani, na bado tulikuwa na bunduki za zamani, za kukoki kwa mkono kila unapopiga. Risasi zake zilikuwa adimu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepata mabaki ya jeshi la nchi nyingine akayauza kwa bei ya chini. Wakati huo vita vya kusini vilikuwa vimepamba moto, na sisi tulikwishaambiwa tutasindikiza magari ya chakula huko baada ya siku chache.

Nasor alinawa mikono, tukaanza kazi.

Tuliangalia masanduku kwanza. Kila moja lilikuwa na bati ndani, limezibwa kwa madini ya risasi ya kuchomelea. Mengine bati limetoboka na mbao zina alama ya maji. Hayo tuliyaweka kando. Kisha tukasoma maandishi ya kwenye kitako cha kila risasi. Sanduku zuri lina risasi za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja. Baadhi yalikuwa yamechanganywa, za kila namna, kama mtu amezoa sakafuni.

Sanduku moja lilinifurahisha, risasi zinang'aa kama dhahabu. Nasor akaichukua moja, akaigeuza juani.

"Hii imesuguliwa," alisema. "Shaba ya miaka mingi haing'ai hivi yenyewe. Mtu kaondoa kutu ya kijani, na ganda limekuwa jembamba."

Akashika kichwa cha risasi kwa vidole, kikazunguka. Tukaifungua. Baruti ya risasi zile ni vijiti vyembamba kama tambi, na ikiwa nzima huwa kavu. Hii ilinata, na harufu yake ilikuwa kali, ya uchachu.

Zilizobaki tulizijaribu kwa bunduki iliyofungwa kwenye gurudumu la lori, tukavuta kamba tukiwa nyuma ya magunia ya mchanga. Nyingi zililia vizuri. Fungu moja lilikuwa linachelewa: unasikia mlio mdogo wa fataki ya kitakoni, kimya, halafu ndiyo mshindo. Kisha moja ikatoa sauti hafifu, kama mtu amekohoa. Tulingoja, tukaifungua bunduki, Nasor akaingiza ufito mdomoni mwa mtutu. Ukasimama katikati. Kichwa kilikuwa kimenasa humo.

Luteni Hamed, mtu wa Sur, alikuja akauona ule ufito.

"Ingepigwa nyingine nyuma yake?"

"Bunduki ingempasukia mtu usoni, afandi."

"Ngapi nzima?"

"Kama nusu ya mzigo."

"Nusu nyingine nitaipata wapi, Nasor?"

"Hizi mbovu mimi simpi mtu. Na hizi nzima ndizo nitakazobeba mwenyewe."

Luteni akaamrisha zilizokataliwa wapewe mafundi wa mabomu wakaziteketeze. Kila askari akaondoka na pungufu ya alichozoea.

Kule kusini waasi walitupiga kwenye kona ya mlima, mchana. Gari la mbele liliwaka.

Tuliruka mtaroni.

Niliweka bega, nikapiga. Ikalia. Nikakoki, nikapiga tena. Ikalia.

"Moja moja," Luteni alisema. "Mtu usiyemwona usimpigie."

Tukawazuia. Walijaribu kushuka mara nyingi, wakarudi. Hatimaye risasi zikaanza kutuishia. Sanduku la akiba lilikuwa kwenye gari la nyuma, mahali pa wazi.

Nasor hakumngoja mtu amtume. Alikimbia ameinama, akalifikia, akarudi analiburura.

Alilisukuma mtaroni. Yeye hakuingia.

Nilipomvuta alikuwa bado anapumua. Kisha hakupumua.

Tulizigawa risasi zake. Kabla ya magharibi wale watu wakaondoka, na barabara ikabaki yetu.

Niliporudi nilikwenda Izki. Mama yake, Bi Zuwena, alikwishasikia maneno ya watu, kwamba tulipewa risasi mbovu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Niambie kweli. Bunduki yake ilikwama?"

"Haikukwama."

"Na za wenzake?"

"Hata moja."

Aliitazama mikono yake. "Alhamdulillahi. Ingia unywe kahawa."

Nimelipima jambo hili miaka mingi. Tungebeba mzigo wote, pengine asingelazimika kulifuata lile sanduku. Pengine pia mtu wa pembeni yangu, au mimi, angepasukiwa na bunduki mkononi, na ulinzi wa mtaro ule ungevunjika mapema. Kila ninapopima narudi palepale: tulichagua sawa, na aliyelipa ni yeye. Ninajivunia kazi ile kuliko cheo chochote nilichopata baadaye, na sioni haya kulisema.

Tuliotoka mtaroni tumeoa, tumejenga Ibra na Nizwa, tumepata wajukuu. Luteni alistaafu akarudi Sur. Nasor alikuwa ameposa binti huko Manah, harusi ingekuwa baada ya safari ile. Binti yule aliolewa na mtu mwingine, na ana haki yake.